SOMO LA AFYA: KWA NINI CHANJO NYINGINE HUTOSHA MARA MOJA NA NYINGINE HURUDIWA?



Katika ziara zetu parokiani tumekuwa tukiulizwa maswali mawili, ambayo tukiyatazama vizuri ni swali moja. La kwanza hutoka kwa akina mama walioketi kwenye benchi la kliniki: "Sindano ya pepopunda nilichomwa nikiwa na mimba ya kwanza. Mbona naambiwa nichomwe tena?" La pili hutoka kwa wafadhili wanaposoma taarifa zetu: "Mwaka jana tulichangia huduma ya mkoba ya chanjo katika vijiji hivi hivi. Kwa nini mwaka huu mnaomba tena?"

Maswali haya ni ya haki na hayafai kujibiwa kwa amri. Mama anayeambiwa "chomwa tu, ndio utaratibu" hurudi nyumbani na shaka yake, na shaka ikikutana na uvumi huzaa hofu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki uliwahi kuenea uvumi kwamba sindano ya pepopunda hurudiwa rudiwa kwa sababu imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Watu walijiuliza: mbona ya surua haichomwi mara tano? Kwa kuwa wengi hawakupata maelezo, uvumi ulijaza nafasi. Anayelipia gharama ya hofu hiyo ni mtoto mchanga anayezaliwa bila kinga.

Kwa hiyo somo la robo hii linajibu swali hilo moja: kwa nini kinga ya chanjo nyingine hudumu maisha yote, na ya nyingine hupungua?

Jinsi mwili unavyokumbuka

Chanjo ni mafunzo. Mwili huonyeshwa sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Adui huyo anaweza kuwa kijidudu kilichodhoofishwa, kijidudu kilichouawa, au kipande chake tu. Baada ya mafunzo hayo mwili hubaki na vitu viwili ambavyo ni muhimu tuvitofautishe.

Cha kwanza ni kingamwili. Hizi ni silaha ndogo sana zinazozunguka katika damu, zikiwa tayari kumkamata adui anapoingia tu. Zinatengenezwa na chembe hai maalumu, na baadhi ya chembe hizo hukaa ndani ya uboho wa mifupa zikifanya kazi kwa miaka mingi. Cha pili ni chembe za kumbukumbu. Hizi hazipigani kila siku. Zimelala, lakini zinamkumbuka adui. Akija, huamka na kuanza kuzaana na kutengeneza silaha mpya. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Tukumbuke ule mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Kingamwili ni kama mafuta yaliyomo tayari ndani ya taa. Chembe za kumbukumbu ni kama duka la mafuta: mafuta yapo, lakini lazima uende ukayanunue. Bwana arusi akikawia, mwenye kwenda dukani atawahi kurudi. Akija ghafla, mlango utafungwa. Tutaona kwamba magonjwa nayo yako hivyo hivyo: mengine hukawia, mengine huja ghafla.

Funzo kutoka visiwa vya Faroe

Kwamba mwili unaweza kukumbuka maisha yote si nadharia tu. Mwaka 1846 surua ilifika katika visiwa vya Faroe, visiwa vidogo vya Atlantiki ya kaskazini vilivyo chini ya Denmark. Surua ilikuwa haijaonekana huko tangu mwaka 1781, yaani kwa miaka 65. Kati ya wakazi wasiofika 8,000, takriban 6,000 waliugua. Daktari kijana Peter Ludvig Panum alitumwa kwenda kuchunguza. Aliwakuta wazee waliougua surua utotoni mwaka 1781, na miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyeugua tena.

Katika miaka yote ile 65 surua haikurudi visiwani kuwakumbusha wazee wale. Miili yao ilikumbuka yenyewe. Surua, basi, ni ugonjwa ambao mwili ukishaujua huwa hausahau. Je, kwa nini magonjwa mengine hayako hivyo? Zipo sababu kadhaa, na tutazipitia moja moja.

Sababu ya kwanza: aina ya chanjo yenyewe

Chanjo ya surua na ya homa ya manjano zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Virusi hivyo huzaana kidogo mwilini kwa siku chache bila kuleta ugonjwa wenyewe. Kwa mwili hayo ni mafunzo ya vita kamili, nayo huacha kumbukumbu ndefu. Ndiyo maana kuanzia Julai 11, 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile wasafiri wanachokiita kadi ya njano, kinahesabika kuwa halali kwa maisha yote. Kabla ya hapo kilihesabika kwa miaka 10 tu.

Msomaji makini atauliza: kama surua haisahauliki, mbona mtoto huchanjwa mara mbili, miezi 9 na miezi 18? Jibu ni kwamba dozi ya pili haiji kwa sababu ya kwanza imechakaa. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 85 hupata kinga na wengine kama 15 hawapati. Sababu moja ni kwamba mtoto huzaliwa na kingamwili alizoazimwa na mama yake tumboni. Zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini zikiwa bado zimo katika damu huweza kuizima chanjo kabla haijafundisha lolote. Dozi ya pili inawatafuta wale waliokosa mara ya kwanza. Na kwa kuwa kwa macho hatuwezi kumtambua aliyepata na aliyekosa, wote hurudi.

Pepopunda ni habari nyingine. Kinachoua katika pepopunda ni sumu ya bakteria, na chanjo yake ni sumu hiyo hiyo iliyoondolewa makali. Hakuna kitu kilicho hai ndani yake wala kinachozaana. Mwili huonyeshwa sura ya adui mara moja, kisha sura hiyo hutoweka. Mafunzo mafupi namna hiyo yanahitaji kurudiwa ili yakae.

Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulipima damu ya watu 45, baadhi yao kwa muda wa hadi miaka 26. Kingamwili dhidi ya pepopunda zilipungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 11, na dhidi ya dondakoo kila baada ya takriban miaka 19. Dhidi ya surua zilipungua polepole kiasi kwamba kwa hesabu ya watafiti ingehitajika zaidi ya miaka 200 kufikia nusu. Mtu hufa kwa uzee kabla ya kinga yake ya surua kwisha.

Sasa tunaweza kumjibu yule mama wa kwenye benchi. Kwa mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni, dozi mbili za pepopunda zilizopishana wiki 4 humlinda kwa takriban miaka 3. Dozi ya tatu, baada ya miezi 6, hufikisha miaka 5. Ya nne, baada ya mwaka mmoja, hufikisha miaka 10. Ya tano, baada ya mwaka mwingine, humlinda umri wake wote wa kuzaa. Kila dozi inapanda juu ya ngazi iliyotangulia. Hakuna siri nyingine katika tano hizo. Tena kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika siku zake za kwanza, wakati kitovu bado ni kidonda.

Jambo moja hushangaza wengi: mtu aliyeugua pepopunda akapona bado anatakiwa kuchanjwa. Sumu ya pepopunda ni kali mno kiasi kwamba ile chembe ndogo inayotosha kuua haitoshi kuufundisha mwili. Hapa chanjo inafanya jambo ambalo ugonjwa wenyewe hauwezi kulifanya.

Hata hivyo tusidhani kwamba chanjo hai zote hudumu na zisizo hai zote hupungua. BCG, ambayo mtoto hupewa anapozaliwa, ina bakteria hai waliodhoofishwa. Huwakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kikali, hasa kile cha uti wa mgongo, lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Mtu mzima anayekohoa wiki mbili asijifariji kwa kovu la begani, aende akapimwe. Kwa upande mwingine, chanjo ya HPV inayozuia saratani ya mlango wa kizazi haina kirusi hai ndani yake. Ina maganda matupu yenye umbo la kirusi, na juu yake alama moja imejirudia mara nyingi kwa mpangilio. Mpangilio huo huuamsha mwili kwa nguvu nyingi. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 ulikuwa miongoni mwa tafiti zilizoonyesha kwamba dozi moja huacha kingamwili zinazodumu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikaanza kutumia dozi moja.

Sababu ya pili: ugonjwa hukawia au huja ghafla

Turudi kwenye taa na duka la mafuta. Homa ya ini B hukawia. Tangu virusi viingie hadi mtu augue hupita mwezi mmoja hadi miezi sita. Hata kama kingamwili katika damu zimepungua kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo, chembe za kumbukumbu zina muda wa kutosha kuamka na kutengeneza nyingine. Ndiyo maana waliochanjwa utotoni wameonekana kuwa salama hata baada ya miaka 30, nao kwa kawaida hawahitaji dozi ya nyongeza. Surua nayo hukawia takriban siku 10 hadi 14 kabla ya vipele.

Bakteria wa homa ya uti wa mgongo hawakawii. Wakishaingia kwenye damu wanaweza kumwangusha mtu ndani ya siku chache, wakati mwingine saa chache. Kumbukumbu iliyolala haitawahi. Hapa mafuta lazima yawe tayari ndani ya taa.

Malaria ni mfano mgumu kuliko yote. Mbu anapouma, vimelea husafiri katika damu na kujificha ndani ya ini kwa muda usiozidi saa moja hivi. Chanjo ya RTS,S, iliyofanyiwa majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, kwetu ikiwa Korogwe na Bagamoyo, huwinda vimelea katika dirisha hilo dogo. Inahitaji kingamwili nyingi sana kwa wakati wote, na wingi huo hupungua mapema. Katika majaribio hayo, kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi tatu zilizuia takriban vipindi 28 vya malaria katika kila 100 ambavyo vingetokea kwa miaka minne. Kwa waliopata dozi ya nne zilizuiwa takriban 36. Kwa hiyo chanjo za malaria hutolewa kwa dozi nne, na anayechanjwa anaendelea kulala ndani ya chandarua.

Sababu ya tatu: adui anayebadili nguo

Virusi vya surua vya leo, kwa zile sehemu ambazo mwili huzishika, ni vile vile vya enzi za babu zetu. Aliyechanjwa miaka 40 iliyopita anamjua adui wa leo. Lakini virusi vya mafua makali hubadilika kila mwaka. Kumbukumbu ya mwili ipo, ila adui amekuja na nguo nyingine. Ndiyo maana wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka kupendekeza chanjo ya msimu unaofuata. Wengi wetu tuliliona jambo hili katika UVIKO-19: waliochanjwa waliambukizwa tena virusi vilipobadilika, ingawa kinga yao dhidi ya ugonjwa mkali na kifo ilidumu zaidi.

Sababu ya nne: mahali pa mapambano

Surua huingia kwa njia ya hewa, lakini ili ulete madhara yake lazima upite katika damu, na huko ndiko kingamwili zilikojaa. Kipindupindu hakiingii katika damu. Mapambano yake yako kwenye utando wa utumbo. Utando huo ni kama ukuta wa nyumba uliopigwa na mvua kila siku: ulinzi wake huchakaa upesi. Chanjo ya kipindupindu inayonywewa, dozi mbili, hulinda kwa takriban miaka mitatu. Hivyo inasaidia kuzima mlipuko, lakini haichukui nafasi ya maji safi na choo.

Sababu ya tano: mwili wa mtu na jokofu la zahanati

Chanjo ile ile haidumu sawa kwa kila mtu. Kwa watoto wanaoishi na VVU kinga ya surua hupungua mapema, na inashauriwa wapewe dozi ya nyongeza baada ya kuanza dawa na afya yao kuimarika. Surua yenyewe nayo ni mwizi wa kumbukumbu. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa ulionyesha kwamba baada ya kuugua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Anayemkinga mtoto na surua analinda pia kinga zake nyingine.

Mwisho kuna jokofu. Miaka yote tuliyoitaja ni ya chanjo iliyotunzwa vizuri, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Joto huiua chanjo ya surua. Kuganda huiharibu chanjo ya pepopunda. Chanjo iliyoharibika huweza kuonekana kama nzima, na mtoto akaandikiwa kwenye kadi kinga ambayo hana.

Kamati zetu zifanye nini?

Kwanza, tuwaeleze watu sababu. Mama akijua kwamba dozi ya tatu inajenga juu ya ya pili, atarudi mwenyewe.

Pili, tuwatafute waliochelewa bila kuwakaripia. Wako akina mama wanaoona aibu kurudi kliniki kwa kuwa wamepitisha tarehe. Tuwaambie habari njema: aliyechelewa haanzi upya. Chembe za kumbukumbu zinamsubiri, naye huendelea pale alipoishia. Arudi tu.

Tatu, tuwakumbushe wazazi dozi ya miezi 18. Mtoto ameshaanza kutembea, kliniki imesahaulika, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Nne, kadi ya kliniki itunzwe kama cheti cha ubatizo. Hata mama atunze kumbukumbu ya sindano zake za pepopunda, maana bila hiyo muuguzi hawezi kujua amefika ngazi ya ngapi.

Tano, tuulize hali ya jokofu la chanjo katika kikao cha kila robo, kama tunavyouliza hali ya paa la kanisa.

Na kwenu wafadhili wetu, jibu la swali lenu ni hili: kijiji ni kile kile, lakini watoto si wale wale. Kila mwaka wanazaliwa wengine ambao hawajafundishwa lolote. Wale wa mwaka jana nao wana ngazi za kukamilisha. Ili surua isipate pa kupita, takriban watu 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Mwaka mmoja wa kusimamisha huduma ya mkoba hauonekani mara moja. Huonekana baadaye, watoto waliokosa wanapokuwa wengi vya kutosha. Mafuta ya pikipiki na gesi ya jokofu mnavyochangia kila mwaka havimwagwi mchangani. Ndivyo vinavyofanya mchango wenu wa jana uendelee kuwa na faida.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya ndogo ndogo

1. Katika eneo letu, ni chanjo gani watu wanaitilia shaka kwa sababu hurudiwa? Tunaweza kuwaelezaje?
2. Je, tunawafahamu watoto wenye zaidi ya miezi 18 ambao hawajapata dozi ya pili ya surua? Nani atawatembelea?
3. Mama aliyepoteza kadi au kupitisha tarehe hupokelewaje kliniki kwetu? Tunaweza kusaidiaje apokelewe vizuri?
4. Jokofu la zahanati yetu lilizimika lini mara ya mwisho, na chanjo zilipelekwa wapi?

Tunaomba majibu yenu yatufikie kabla ya kikao cha robo ijayo, ili mengine tuyapeleke kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Mungu awabariki katika kazi hii ya kuwatunza wadogo wake.